Mashauri ya Sheria: Umelipa Fedha, na Mali Haikuletwa

Juma hili twataka kusema juu ya jambo ambalo limewasumbua watu wengi, wakulima kwa makarani. Jambo lenyewe ni hili: mtu amemlipa mwuzaji fedha zake halali, akaahidiwa mali, kisha mali isije wala fedha zisirudi. Afanye nini? Aende kwa chifu? Aende polisi? Aende mahakamani? Au anyamaze kimya na kusema kwamba Mungu atamlipia?

Nitaanza na mambo yaliyompata jirani yangu mmoja wa Werugha, nami nayajua kwa kuwa nilimsindikiza mara mbili katika safari zake. Bwana huyu ni karani aliyestaafu, na sasa hulima kabichi na nyanya za kuuza. Mwezi wa Agosti alikusudia kuezeka upya nyumba yake na kuweka tangi la plastiki la lita 5,000, ili mvua ya vuli ikinyesha akinge maji ya kumwagilia bustani wakati wa kiangazi. Akashuka Voi, akaingia katika duka moja la vifaa vya ujenzi, akapatana na mwenye duka mabati 30 kwa Shs. 1,100 kila moja, na tangi kwa Shs. 40,000. Jumla Shs. 73,000. Fedha za tangi alizipeleka kwa M-Pesa. Zile Shs. 33,000 za mabati alizihesabu mezani, noti kwa noti, akaondoka bila stakabadhi. Mwenye duka alimwambia, "Mzee, nenda nyumbani ukapumzike. Lori langu litakuletea kila kitu kabla ya mvua."

Septemba ikapita, na Oktoba ikapita. Mara lori limeharibika, mara dereva ni mgonjwa, mara mali imekwama Mombasa. Mzee alikwenda Voi mara tano, na kila safari nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa Shs. 800. Mwezi wa Novemba mvua ikanyesha sana milimani, na maji yote yakatiririka bondeni mbele ya macho yake.

Mzee huyu alifanya makosa kadhaa, na pia alifanya mambo mema. Tukiyafuata moja moja tutaifahamu sheria.

MAPATANO NI MAPATANO, HATA YA MDOMO

Watu wengi hudhani kwamba kama hawakuandikiana hati mbele ya wakili, basi hawana haki. Sivyo. Kenya inayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyoanza kutumika mwaka 1931, nayo yatumika hata leo. Ilitungwa kwa kufuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Sheria hii yasema kwamba mapatano ya kuuza na kununua yaweza kufanywa kwa maandishi, au kwa mdomo, au kwa vitendo vya watu wenyewe.

Liko sharti moja tu la kukumbuka. Mali ikiwa ya thamani ya Shs. 200 au zaidi, haitoshi kusema mahakamani kwamba mlipatana kwa maneno matupu. Yapasa liwepo moja katika mambo haya: ama mnunuzi awe amepokea sehemu ya mali, ama awe ametoa sehemu ya fedha, ama pawe na maandishi yenye sahihi ya yule anayeshtakiwa. Siku hizi Shs. 200 hazinunui hata bati moja, basi karibu kila biashara yaingia katika sharti hili. Lakini wewe uliyekwisha kulipa, hata kama ni sehemu tu, sharti hili umelitimiza. Kinachobaki ni kuthibitisha kwamba ulilipa.

Wajibu wa mwuzaji kwa sheria hiyo ni kutoa mali, na wajibu wa mnunuzi ni kuipokea na kulipa. Kwa kawaida mambo haya mawili huenda pamoja: mkono huu fedha, mkono huu mali. Anayelipa kwanza na kungoja baadaye ameacha ulinzi mkubwa ambao sheria ilimpa. Mzee wetu aliuacha pale mezani.

MALI ILETWE LINI, NA WAPI?

Hapa ndipo wengi hunaswa. Kama mwuzaji ameahidi kupeleka mali na siku haikutajwa, sheria humtaka aipeleke katika muda wa kadiri. Muda huo hutazamwa kwa hali ya biashara yenyewe. Mtu aliyeahidi kuleta miche ya kupanda wakati wa vuli hawezi kuileta Januari na kusema kwamba hakuchelewa. Kwa bahati njema mzee wetu alikuwa amesema, "kabla ya mvua", na mwenye duka akakubali. Hata hivyo ingekuwa bora zaidi kuandika tarehe.

Jambo la pili ni mahali. Ikiwa hamkupatana mali ifikishwe wapi, sheria huchukulia kwamba mahali pa kuitolea ni pale pale pa biashara ya mwuzaji. Maana yake, kama hamkusema neno lo lote juu ya kupeleka, mwuzaji aweza kujitetea hivi: "Mali yake ilikuwa dukani siku zote. Hakuja kuichukua." Na hivyo ndivyo alivyojaribu kusema yule mwenye duka wa Voi baadaye.

Jambo la tatu ni msafirishaji. Siku hizi wengi wetu huagiza vitu kwa simu kutoka Mombasa au Nairobi, na kumwambia mwuzaji, "Nitumie kwa basi." Angalieni sana. Mwuzaji akiisha kumkabidhi msafirishaji mali kwa idhini yako, kwa kawaida sheria humhesabu kuwa amekwisha kukukabidhi wewe. Mzigo ukipotea njiani, huenda mtu wa kumdai ni msafirishaji, si mwuzaji. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mwuzaji mwulize hati ya kupokelea mzigo. Mwenye kuipeleka mali kweli atakuwa nayo. Asiyekuwa nayo, mshuku.

MNUNUZI AWEZA KUDAI NINI?

Mali isipoletwa kwa wakati, mnunuzi anazo njia kadhaa.

Kwanza, aweza kudai fedha zake zirudi, kwa sababu alizitoa kwa ajili ya kitu ambacho hakukipata.

Pili, aweza kudai fidia ya kukosa mali. Penye soko la mali kama hiyo, kipimo cha kawaida cha fidia ni tofauti kati ya bei mliyopatana na bei ya soko siku ile mali ilipopaswa kutolewa. Tuhesabu. Mabati yaliyopatanwa kwa Shs. 1,100 yalikuwa yamepanda hata Shs. 1,200. Tofauti ni Shs. 100 kwa kila bati, na kwa mabati 30 ni Shs. 3,000. Tangi lilikuwa limefika Shs. 42,000, tofauti Shs. 2,000. Basi fidia yake kwa kipimo hiki ni Shs. 5,000, juu ya zile Shs. 73,000 alizolipa.

Tatu, aweza kudai hasara nyingine iliyotokana moja kwa moja na kosa la mwuzaji, kama zile nauli za safari tano, Shs. 4,000. Lakini hapa pana mpaka. Mahakama hailipizi kila hasara iliyofuata, ila ile ambayo watu wawili wale wangeweza kuiona mbele walipokuwa wakipatana. Mzee akisema kwamba kabichi zake zilikauka kwa kukosa maji ya tangi, ataulizwa: je, mwuzaji alijua tangi ni la bustani? Je, wewe mwenyewe ulijitahidi kupunguza hasara, kama kutafuta maji mahali pengine? Mtu aliyekaa akitazama mali yake ikiharibika, naye alikuwa na njia ya kuiokoa, hawezi kumtwika mwenzake hasara yote.

Nne, aweza kuiomba mahakama imlazimishe mwuzaji kutoa mali yenyewe. Amri hii haitolewi kwa urahisi. Hufaa kwa kitu kilichotengwa na kujulikana, kama ng'ombe fulani uliyemchagua zizini au mashine fulani yenye namba yake. Kwa mabati ambayo yapatikana katika kila duka, mahakama hupendelea kumpa mtu fedha akanunue kwingine.

Zaidi ya hayo iko Sheria ya Kuwalinda Watumiaji wa Bidhaa ya mwaka 2012. Sheria hii humpa mnunuzi haki ya kuvunja mapatano ya mali inayotolewa baadaye, ikiwa siku 30 zimepita tangu siku iliyoandikwa, na mali haijaja. Lakini siku hizo zikiisha kupita, nawe ukakubali tena kupokea mali, haki hiyo ya kuvunja umeipoteza. Basi fanya shauri moja: ama wataka mali, ama wataka fedha. Usimwambie mwuzaji leo hili na kesho lile.

CHIFU, WAZEE NA POLISI

Mzee wetu alikwenda kwanza polisi, akasema, "Nimeibiwa." Afisa akamsikiliza vizuri, kisha akamjibu kwamba hiyo ni habari ya madai, si ya jinai. Mzee akarudi akinung'unika kwamba serikali haimjali maskini. Lakini tuseme kweli, afisa yule hakukosea kwa maelezo yale aliyopewa.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, yataja kosa la kujipatia mali kwa hila, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 3. Hila katika sheria hiyo ni kusema uwongo juu ya jambo lililokwisha kuwa au lililopo sasa, huku msemaji akijua kuwa ni uwongo au haamini kuwa ni kweli. Ahadi ya jambo la mbele, pekee yake, haitoshi. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikwisha kulieleza jambo hili wazi mwaka 1989. Mtu akisema, "Nitakuletea mabati mwezi ujao," kisha asilete, amevunja ahadi, nawe waweza kumdai. Lakini akisema, "Haya hapa mabati yako katika ghala yangu," na kumbe hana ghala wala bati; au akijiita wakala wa kampuni asiyoijua; au akikuuzia ng'ombe wa mtu mwingine, hapo pana uwongo wa jambo lililopo, na polisi wana kazi ya kufanya.

Kwa hiyo ukienda polisi, usiseme tu, "Nimeibiwa." Eleza maneno aliyoyasema mwuzaji siku ile, na uonyeshe ni lipi lilikuwa uwongo siku ile ile. Kesi ya jinai haikuzuii kudai fedha zako kwa njia ya madai. Zote mbili zaweza kwenda pamoja.

Na chifu je? Chifu na wazee wa kijiji waweza kuwakalisha watu wawili na kuwapatanisha, na Katiba ya mwaka 2010 yasifu njia za upatanisho. Mara nyingi jambo la majirani humalizwa vizuri zaidi chini ya mwembe kuliko mahakamani. Lakini chifu si hakimu. Hana mamlaka ya kumhukumu mtu alipe wala ya kukamata mali yake. Zile mahakama za Kiafrika za zamani, ambazo wazee wetu walizijua, ziliondolewa mwaka 1967, na tangu hapo hukumu ni kazi ya mahakama za taifa. Mkipatana kwa chifu, andikeni mapatano, kila mmoja atie sahihi, na mashahidi pia. Karatasi hiyo itakufaa mwenzako akigeuka.

BARUA YA MADAI

Kabla ya kushtaki, mwandikie mwuzaji barua. Si lazima iwe ya wakili. Yatosha iwe na mambo haya: siku mliyopatana, mali gani, bei gani, ulilipa kiasi gani na kwa njia gani, mali ilipaswa kufika lini, unachodai, na siku unazompa, kwa mfano siku 14. Mwisho mwambie kwamba asipojibu utakwenda mahakamani. Usitukane. Usitishe kumpiga wala kumfungia duka. Barua ya matusi humfurahisha mshtakiwa, maana humpa neno la kusema mbele ya hakimu.

Weka nakala, na uwe na ushahidi kwamba barua ilimfika. Mtu anayekimbilia mahakamani bila kutoa taarifa kwanza aweza kushinda shauri na bado akanyimwa gharama zake.

Jirani yangu aliandika barua ya namna hiyo mwanzo wa Desemba, na mwuzaji akamjibu kwa simu. Alisema mambo mawili: kwamba alipokea Shs. 40,000 tu, na kwamba mzee ndiye aliyepaswa kuja kuchukua mali. Mzee alipolisikia lile la kwanza alikaa chini. Shs. 33,000 zake alizitoa mkononi, bila stakabadhi na bila shahidi. Usiku ule hakulala.

USHAHIDI NDIO SHAURI LENYEWE

Asubuhi mjukuu wake akaichukua simu ya babu yake, akaanza kusoma ujumbe wa zamani mmoja mmoja. Akaukuta mmoja wa mwezi wa Agosti, ulioandikwa na mwenye duka siku ile ile ya malipo: amepokea 73,000 zote, mzigo utaletwa Werugha na lori lake. Maneno machache hayo yalijibu mambo yote mawili. Yalithibitisha fedha, na yalithibitisha mahali pa kupeleka mali. Na mzee alikuwa karibu kuyafuta yote ili simu ipate nafasi!

Basi, wasomaji, shikeni neno hili. Usifute ujumbe wa biashara. Ukilipa kwa M-Pesa, weka ule ujumbe wa malipo, na ikihitajika uombe taarifa ya fedha zako kutoka kampuni ya simu. Ukitumia ujumbe wa simu kama ushahidi mbele ya hakimu, Sheria ya Ushahidi hutaka pia hati ya kuthibitisha jinsi maandishi hayo yalivyotolewa katika chombo. Karani wa mahakama au wakili ataweza kukuonyesha jinsi inavyoandikwa. Kama hukupewa stakabadhi, mwandikie mwuzaji ujumbe jioni ile ile: "Leo nimekulipa kiasi fulani kwa mali fulani, utaniletea siku fulani." Akijibu "ndiyo", umekwisha kupata stakabadhi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

UMSHTAKI NANI, NA WAPI?

Jua kwanza unayemshtaki. Jina lililoandikwa juu ya mlango wa duka huenda si mtu wala si kampuni. Huenda ni jina la biashara tu, na mwenyewe ni mtu mwingine. Kama ni jina la biashara, mwenye jina hilo ndiye mshtakiwa. Kama ni kampuni iliyoandikishwa, ishtaki kampuni, usimshtaki karani aliyepokea fedha yako kaunta. Habari hizi hupatikana kwa Idara ya Kuandikisha Biashara, kwa kulipa ada. Hukumu juu ya mtu asiyehusika ni karatasi tu.

Kisha mahali. Shauri la madai laweza kupelekwa mahali anapokaa au anapofanyia kazi mshtakiwa, au mahali ambapo chanzo cha shauri kilitokea. Mwuzaji wa Nairobi aliyeahidi kukuletea mali Mwatate, na hakuileta, hana haki ya kukulazimisha umfuate Nairobi. Katika wilaya yetu ya zamani, ambayo sasa ni kaunti, mahakama za mahakimu ziko Voi, Wundanyi na Taveta.

Bunge lilitunga Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, na mahakama hizo zilianza kazi Nairobi mwezi wa Aprili 2021, kisha zikaenea katika miji mingine. Mahakama hii husikiliza madai yasiyozidi Shs. 1,000,000, na katika madai hayo yamo ya kuuza na kununua mali. Shauri latakiwa kumalizwa katika siku 60 tangu lilipoandikishwa. Mdai aweza kusimama mwenyewe bila wakili, na mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi. Asiyeridhika aweza kukata rufani Mahakama Kuu kwa habari ya sheria tu. Mashauri ya hati za ardhi, ya kuharibiana jina, na ya kazi na mishahara hayapokewi huko. Mahali ambapo mahakama hiyo haijafika, na kwa madai makubwa zaidi, hakimu ndiye husikiliza. Kwa sheria ya mwaka 2015, hakimu mkazi aweza kusikiliza madai hata Shs. 5,000,000, na hakimu mkuu hata Shs. 20,000,000.

Wakati nao una mwisho. Shauri la mapatano lazima lishtakiwe kabla ya miaka 6 kupita tangu mapatano yalipovunjwa. Lakini usingoje. Mashahidi huhama, simu huharibika, na maduka hufungwa.

Neno moja kwa wasomaji wetu wa Taveta. Ninyi mnafanya biashara na ndugu wa ng'ambo ya mpaka, Holili na Himo. Biashara hiyo ni njema na ya tangu zamani. Lakini mshtakiwa aliye katika nchi nyingine ni vigumu kumfuata, na hukumu ya nchi moja haikamati mali katika nchi nyingine mpaka ifuate taratibu za huko. Basi kwa mali ya ng'ambo, mkono kwa mkono ni bora kuliko ahadi.

KUSHINDA SI KULIPWA

Watu wengi hudhani kwamba hakimu akiisha kusema, "Umeshinda," fedha hutoka mezani. Hapana. Mshtakiwa asipolipa kwa hiari, ni juu yako kuiomba mahakama itekeleze hukumu. Mahakama yaweza kuamuru mali yake ikamatwe na kuuzwa na dalali mwenye leseni, au fedha zake zilizo benki zizuiwe na kulipwa kwako, au alipe kidogo kidogo kwa miezi. Mwenye uwezo ambaye akataa tu aweza hata kutiwa kifungo cha madai, baada ya kupewa nafasi ya kujieleza. Lakini sheria haimvui mtu nguo. Mavazi yake na ya jamaa zake, vyombo vya kupikia, kitanda, na zana za kazi yake havikamatwi.

Kwa hiyo kabla ya kushtaki jiulize: je, mtu huyu ana kitu? Kumshtaki asiye na kitu ni kuongeza hasara juu ya hasara.

MWISHO WA HABARI YA MZEE

Mzee alishtaki mwezi wa Januari. Alidai Shs. 82,000: Shs. 73,000 alizolipa, Shs. 5,000 za tofauti ya bei, na Shs. 4,000 za nauli, pamoja na gharama za shauri. Mwenye duka alipopata hati ya kuitwa mahakamani, na kuiona nakala ya ujumbe wake mwenyewe, alimtafuta mzee kabla ya siku ya kusikizwa. Wakapatana Shs. 78,000, zilipwe kwa mafungu matatu, na mahakama ikayaandika mapatano hayo kuwa amri yake. Mimi nilimwuliza mzee kwa nini ameacha Shs. 4,000. Akanijibu kwamba kila siku ya kukaa Voi ni siku ya kutokuwa shambani, na kwamba mwenye duka naye ana watoto. Mafungu yote matatu yalilipwa.

Fedha zake zilirudi, lakini maji ya vuli ile hayakurudi. Kiangazi kile alinunua maji kwa mitungi, na nusu ya bustani yake ikabaki tupu. Sheria yaweza kurudisha shilingi. Haiwezi kurudisha majira.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, dawa iliyo bora hutangulia ugonjwa. Lipa sehemu tu kwanza, na iliyobaki uilipe mali ikiwa mbele yako. Dai stakabadhi, hata kama mwuzaji ni rafiki yako, wala usione haya. Andika tarehe na mahali pa kuletewa. Hesabu na kagua mali kabla ya kutia sahihi. Nawe uliye mwuzaji, kumbuka kwamba duka hujengwa kwa uaminifu kuliko kwa mawe. Mnunuzi mmoja aliyedanganywa husimulia soko zima.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza habari za kumdhamini mwenzako katika mkopo, na jinsi mdhamini anavyoweza kujikuta yeye ndiye mdaiwa. Mpaka hapo, kwaherini.